Faili mama na matabaka yake: kuhariri wingu la nukta la Pugu bila kunakili gigabaiti 20

Kwenye kompyuta nyingi za watu wanaoshughulika na data za leza utakuta folda yenye majina ya namna hii: pugu.las, pugu_ardhi.las, pugu_ardhi_safi.las, pugu_mwisho.las, pugu_mwisho_KABISA.las. Kila faili lina uzito sawa na mwenzake, na kwa sehemu kubwa sana ni kitu kilekile kilichonakiliwa mara tano. Kilichobadilika kati ya moja na linalofuata mara nyingi ni kidogo kiasi cha kutosha kutumwa kwa WhatsApp. Leo tuangalie namna ya kutunza hicho kilichobadilika peke yake, na kwa nini jambo hilo si la kubana nafasi tu.

Kwanza kwa ambaye ndiyo anasikia neno LiDAR leo. Ni skana inayofungwa kwenye ndege, ndege nyuki au hata gari, inayopiga mapigo ya leza na kupima muda unaopita mpaka mwangwi wa mwanga urudi. Mwanga unakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo ndege ikiwa mita 900 juu ya ardhi, pigo linakwenda na kurudi kwa sekunde 0.000006 hivi. Ukijua muda unajua umbali. Ukijua na ndege ilikuwa wapi na skana ilielekea wapi, unapata nukta moja yenye mashariki, kaskazini na kimo. Pigo likikuta mti linaweza kurudisha miangwi kadhaa: mmoja wa majani ya juu, mwingine wa tawi, na wa mwisho, ukibahatika, wa udongo wenyewe. Hapo ndipo leza inapoipiku picha ya angani. Picha inaona kichaka. Leza inapenya kwenye matundu ya kichaka na kugusa chini. Ukikusanya mamilioni ya nukta hizo unapata kinachoitwa wingu la nukta.

Kwetu hapa si teknolojia ya kuhadithiwa. Mwaka 2012 ndege yenye skana ya leza iliruka juu ya msitu wa Amani kule Tanga na juu ya miombo ya Liwale, mkoani Lindi, katika utafiti wa wanasayansi wa Norway na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, waliotaka kujua misitu hiyo imebeba biomasi kiasi gani. Na hata usipokuwa na leza, picha za ndege nyuki kama zile zilizopigwa Zanzibar kuanzia 2016 zinaweza kugeuzwa kuwa wingu la nukta na kuhifadhiwa kwenye muundo uleule wa faili. Kwa hiyo tatizo ninalolieleza linamhusu pia mwanafunzi mwenye ndege nyuki moja na kompyuta ya kuazima.

Muundo wenyewe unaitwa LAS. Ulitolewa 2003 na chama cha wataalamu wa picha za angani cha Marekani, ASPRS, na toleo la 1.4 lilitoka 2011. Siri ya LAS ni kwamba haina siri: kuna kichwa cha faili chenye maelezo ya jumla, kisha nukta zinafuatana moja baada ya nyingine, kila moja ikichukua nafasi ileile. Katika aina moja inayotumika sana, nukta ni baiti 28. Baiti 12 ni za mashariki, kaskazini na kimo. 8 ni za muda wa GPS. Mbili za nguvu ya mwangwi. Mbili za namba ya mkanda wa ndege. Zilizobaki zinagawana mambo kama pembe ya skana na mwangwi huu ni wa ngapi. Na baiti moja, moja tu, ndiyo inayosema nukta hii ni nini. Namba 2 ni ardhi, 3 hadi 5 ni mimea kuanzia mifupi hadi mirefu, 6 ni jengo, 7 ni kelele, 9 ni maji.

Sasa ishike hiyo baiti moja kichwani, maana kazi nyingi ya ofisini baada ya ndege kutua ni ya kuibadilisha hiyo. Programu inapitia nukta na kukisia zipi ni ardhi. Mtu anakaa anaangalia, anaona paa la bati limeitwa ardhi, anasahihisha. Mwingine anaona kundi la ndege wa angani limeitwa mti mrefu, analiita kelele. Mashariki, kaskazini, kimo, muda, nguvu ya mwangwi: vyote viko vilevile tangu siku ya kuruka. Lakini ukibonyeza kuhifadhi, unaandika upya baiti zote 28 za kila nukta, hata zile ambazo hakuna aliyezigusa.

Hebu tupige hesabu ya Kisarawe. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi kwa pamoja ina takriban kilomita za mraba 72. Tuseme tumeipiga leza kwa wastani wa nukta 10 kwa kila mita ya mraba (huu ni mfano wa hesabu, si taarifa ya mradi wowote). Hizo ni nukta milioni 720, na kwa baiti 28 kila moja tunafika gigabaiti 20 na ushee. Matoleo matano kama yale ya folda ya mwanzo ni gigabaiti 100. Jaribu kupandisha hizo kwa bando la simu ukiwa Maneromango.

Watu wa mambo haya watasema: si kuna LAZ? Ni kweli, ipo, na ni zawadi kubwa. Martin Isenburg, Mjerumani aliyefariki 2021, alitengeneza LASzip, programu huria inayokaza faili la LAS mpaka kubaki kati ya asilimia 7 na 25 ya ukubwa wa awali bila kupoteza hata biti moja. Gigabaiti zetu 20 zinashuka na kuwa kati ya 1.4 na 5. Lakini LAZ inapunguza uzito wa kila nakala, haipunguzi idadi ya nakala. Ukibadilisha aina ya nukta mia tano katika nukta milioni 720, unahifadhi tena gigabaiti kadhaa. Nguo umezikunja vizuri sana, ila bado unahama na kabati zima kila ukibadilisha shati.

Isenburg huyohuyo aliliona hilo, na katika programu zake za LAStools akaweka njia aliyoiita LASlayers. Wazo ni rahisi kiasi cha kukukera kwamba hukulifikiria wewe. Faili la awali haliguswi kabisa. Tuliite faili mama. Kando yake kunakaa faili dogo lenye jina lilelile na mkia wa .lay, na ndani yake yameandikwa mabadiliko tu. Ukitaka kuona data iliyosahihishwa, programu inasoma faili mama nukta kwa nukta, na kila inapofika kwenye nukta yenye badiliko inaweka thamani mpya kabla ya kukuonyesha. Kwa mtumiaji, kutafuta ardhi kwa lasground ukiongeza -olay kunaandika pugu.lay badala ya nakala nzima mpya, kufungua pugu.laz kwa lasview ukiongeza -ilay kunakuonyesha faili mama likiwa limevaa tabaka lake. Unaweza kurundika tabaka juu ya tabaka: la kwanza la mashine, la pili la mtu wa majengo, la tatu la mtu wa mito. (Baadhi ya programu za LAStools ni huria, nyingine ikiwemo lasground zinahitaji leseni. Wazo lenyewe halihitaji leseni ya mtu, na ndiyo maana naliandika.)

Tabaka linaweza kuwa dogo kiasi gani? Hapa ndipo panaponoga, kwa hiyo tuende taratibu.

Chukua kipande kimoja cha kilomita moja ya mraba. Kina nukta milioni 10, sawa na megabaiti 280. Tuseme kazi ya siku nzima imebadilisha aina ya asilimia 2 ya nukta, yaani 200,000. Njia ya kwanza inayokuja akilini ni orodha: nukta namba fulani, aina mpya ni fulani. Namba ya nukta inatosha kwenye baiti 4, aina mpya baiti 1, jumla 5. Mara 200,000 tunapata megabaiti 1. Tayari tumetoka 280 hadi 1 bila ujanja wowote.

Njia ya pili ni kuuliza kila nukta swali la ndiyo au hapana: umebadilika? Jibu ni biti moja. Nukta milioni 10 ni biti milioni 10, yaani megabaiti 1.25, kisha unaongeza aina mpya za zile zilizojibu ndiyo. Inaonekana mbaya kuliko orodha. Lakini majibu hayo yana tabia: 98 katika kila 100 ni hapana. Mfuatano unaotabirika unakazika. Claude Shannon alionyesha mwaka 1948 jinsi ya kupima kiwango cha chini kabisa cha biti zinazohitajika, na kwa mgawanyo wa 98 kwa 2 kiwango hicho ni biti 0.14 hivi kwa kila swali. Zidisha kwa milioni 10, gawa kwa 8, unapata takriban kilobaiti 177. Hapo tumechukulia kwamba mabadiliko yametawanyika ovyo kama mchele uliomwagika. Kiuhalisia hayatawanyiki hivyo. Paa la bati lililoitwa ardhi ni nukta zilizokaa pamoja, na kwa kuwa skana huandika nukta kwa mpangilio wa kupiga, nyingi zitafuatana pia ndani ya faili. Badala ya kuandika hapana, hapana, hapana mara elfu nne unaandika “ruka 4,000, badilisha 35, ruka 120, badilisha 33”. Kwa mabadiliko ya namna hiyo tabaka linashuka chini zaidi ya hapo. Na aina mpya kama zote ni 6, yaani jengo, unaiandika mara moja.

Hata hali mbaya haitishi. Tuseme mashine imepitia kipande kizima kwa mara ya kwanza na nusu ya nukta zimepewa namba ya ardhi. Swali la ndiyo au hapana halitabiriki tena, kwa hiyo biti moja kwa nukta, megabaiti 1.25. Bado ni chini ya nusu ya asilimia moja ya faili mama.

Vivyo hivyo kwa mabadiliko mengine. Mkanda mmoja wa ndege ukigundulika umekaa sentimita 12 juu ya majirani zake, tofauti ni ileile kwa kila nukta ya mkanda huo. Namba moja inayojirudia inakazika karibu kufikia bure. Kufuta nukta nako kunawezekana bila kufuta: LAS ina alama ya biti moja inayosema nukta hii isitumike, kwa hiyo tabaka linawasha alama hiyo na nukta inabaki mahali pake. Kigumu ni kuongeza nukta ambazo hazikuwepo. Hilo tabaka halilipendi, na kwa maoni yangu usilazimishe. Nukta mpya zipe faili lao.

Sasa ubaya wake, maana upo. Tabaka linaitambua nukta kwa nafasi yake kwenye foleni. Ni kama kumwelekeza mgeni “nyumba ya nne baada ya msikiti”: maelekezo ni sahihi mpaka mtu ajenge nyumba katikati. Akija mwenzio akalipanga upya faili mama, tuseme kwa muda wa GPS, au akalikata vipande vingine, au akaligeuza kuwa COPC (muundo mzuri tu wa kusomea mtandaoni, ambao hupanga nukta upya kwa makundi ya maeneo), basi nukta namba 7,340,112 si ileile tena. Na tabaka halitalalamika. Litapaka rangi ya jengo juu ya mikorosho na litafanya hivyo kwa ujasiri. Kasoro inayopiga kelele si ya kuogopa sana; ya kuogopa ni hii ya kimyakimya.

Dawa ni ya nidhamu zaidi kuliko ya hesabu. Faili mama lifungwe lisiandikike siku lilipopokelewa kutoka kwa aliyerusha ndege. Lipigiwe alama ya utambulisho, ile namba ndefu ya SHA-256 ambayo inabadilika ukigusa hata biti moja, na namba hiyo iandikwe ndani ya tabaka au kwenye karatasi inayoambatana nalo, pamoja na idadi ya nukta. Kabla ya kuvalisha tabaka, hakikisha namba zinalingana. Zisipolingana, acha.

Kuna na suala la watu wawili. Msitu wa Hifadhi wa Ruvu Kusini unaingia Kibaha na Kisarawe. Tuseme kuna mtu Kibaha na mwingine Kisarawe, wote wana faili mama lilelile, waliligawana mara moja kwa diski na halitasafiri tena. Kila jioni wanatumiana matabaka. Wakiwa wamefanya kazi maeneo tofauti, hakuna shida, unavalisha la huyu kisha la yule na jibu ni lilelile ukianza na lolote. Wakigusa nukta moja, mpangilio unakuwa na maana: wa mwisho anashinda. Kibaha ameita mimea, Kisarawe ameita ardhi. Nakala kamili mbili zingekuficha mgongano huo mpaka mtu azilinganishe gigabaiti kwa gigabaiti. Matabaka yanakuonyesha kwa sekunde chache, kwa sababu ni kutafuta namba za nukta zinazoonekana kwenye orodha zote mbili. Kompyuta haitakuambia nani yuko sahihi. Itakuambia ni nukta zipi mkakae mzizungumzie, au mkaende kuziona kwa miguu.

Na mazungumzo hayo yana uzito. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, Kisarawe, na kuishia baharini baada ya kupita Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam. Anayetaka kukisia maji ya mvua kubwa yatapita wapi anaanza na ramani ya ardhi tupu, ile inayopatikana kwa kuchukua nukta za namba 2 peke yake. Vichaka vya misitu ya pwani ni vizito, na leza ikishindwa kupenya, programu inaweza kukiita ardhi kitu ambacho ni mimea iliyobanana ya kimo cha mita moja na nusu. Kwenye modeli hiyo ni tuta, na maji yanazunguka tuta ambalo halipo. Kosa hilohilo linaathiri pia hesabu ya kaboni, kwa sababu urefu wa mti ni kimo cha majani kutoa kimo cha ardhi: ukiinua ardhi mita moja na nusu, kila mti juu yake unapungua mita moja na nusu.

Kwa hiyo mtu wa chini ya mto, au mwanakijiji aliyeambiwa shamba lake liko ndani ya mpaka wa msitu, ana haki ya kuuliza: nani alisema hii ni ardhi? Mashine au mtu? Lini? Ukiwa na pugu_mwisho_KABISA.las huna jibu. Maamuzi yote yamechanganyika kama chumvi kwenye mchuzi. Ukiwa na faili mama na matabaka matatu unaweza kulivua la tatu, ukaendesha modeli ya mafuriko bila hilo, ukaona maji yanapita wapi. Kisha ukalivalisha tena. Tofauti ya matokeo hayo mawili ndiyo gharama ya uamuzi wa mtu mmoja, na inaonekana kwenye ramani. Mimi nikiombwa nichague kati ya kuokoa diski na hili, naacha diski.

Utauliza kwa nini tusitumie Git, kama waandika programu wanavyofanya. Git imezoea maandishi, mstari kwa mstari. Faili la LAZ lililokazwa linaivuruga: LAZ kwa kawaida hukaza nukta 50,000 kwa fungu, na ukibadilisha nukta moja, baiti zinazofuata ndani ya fungu zinaweza kutoka tofauti kabisa. LAZ ya matoleo ya 1.4 imeboreshwa hapo, inatenganisha sifa za nukta ndani ya kila fungu ili aina ya nukta ikae peke yake, lakini bado faili zima ndilo linaloandikwa upya. Git inafaa sana kutunzia matabaka yenyewe, maana ni madogo. Faili mama libaki kwenye diski.

Mwanafunzi anayetaka kujaribu hahitaji kununua kitu. Ukiwa na Python, maktaba ya laspy inasoma LAS, na pia LAZ ukiisakinisha pamoja na lazrs. Soma aina za nukta kutoka faili la zamani na jipya, ukihakikisha nukta zipo kwa mpangilio uleule. Tumia numpy kutafuta namba za nukta zinazotofautiana. Badala ya kuhifadhi namba zenyewe, hifadhi pengo kati ya moja na inayofuata, kwa sababu mapengo ni namba ndogo zinazojirudia. Kisha ikaze kwa gzip. Ni mistari isiyozidi 20. Ijaribu kwanza kwenye pugu_mwisho.las na pugu_mwisho_KABISA.las za kwako uone tofauti yao ni kilobaiti ngapi. Kabla ya kufuta chochote, jenga upya faili la pili kutoka kwenye la kwanza na tabaka lako, kisha linganisha aina za nukta zote, na kimo nacho, maana kuna programu zinazogusa kimo bila kukuambia.